Mikono ya Mwalimu Kwenye Video

Hebu niambie, wewe ushaona wapi mzee wa kutembea na fimbo akifundisha watu wa Mombasa na Arusha, na hata wengine huko Uarabuni, venye unaweza kuweka gemu za zamani ndani ya mashine mpya? Hujaona. Mimi nimeona, tena nikiwa nimekaa hapo kando na kikombe yangu ya chai, nacheka mpaka nashika mbavu. Nacheka, na bado kuna kitu kwa kifua inaniuma. Wacha nikuambie yote, lakini usinikate. Mimi nikikatwa napotea.

Jina yake sitasema. Hapa Kiptere walimu ni wengi, lakini hao wengine lazima uongeze kitu: mwalimu wa nasari, mwalimu wa kwaya. Huyu ukisema Mwalimu tu, basi, hata ng'ombe inageuza shingo iangalie boma yake. Boma yake na yangu inatenganishwa na ua ya miti tu. Mimi nilitoka huko chini kwa ziwa nikiwa msichana, nikakuja kuchuna majani chai kwa kampuni, nikakaa laini za kampuni, zile nyumba za wafanyakazi, miaka mingi mpaka mzee yangu, bwana yangu marehemu, akapata hii kipande ya shamba. Mwalimu ni Mkipsigis, mimi Mjaluo, kwa hivyo sisi tunaongea hii Kiswahili ya kukutana katikati. Yake imesoma. Yangu ilifika klasi ya pili ikaona imetosha.

Mwalimu ni mtu wa kalamu nyekundu. Hata leo, na alistaafu kitambo, iko kwa mfuko ya shati. Alikuwa akipata tangazo ya harambee imebandikwa kwa ukuta ya duka, anasimama, anasoma, anasahihisha. Wakati mzee yangu alikufa, tulichapisha ile karatasi ya ibada yenye iko na picha yake na nyimbo. Mwalimu alikuja, akanipa pole vizuri, akalia hata, halafu akanirudishia karatasi na makosa sita yamezungushiwa nyekundu. Niliangalia huyo mtu, nikaangalia jeneza, nikakosa pahali ya kuweka uso.

Lakini pia ni yeye alibeba hilo jeneza upande wa mbele, kwa matope, na viatu vyake vya kupakwa rangi. Huyo ndiye mtu. Ukitaka kumchukia anakufanyia kitu nzuri. Ukitaka kumpenda anatoa kalamu.

Sasa hiyo mashine. Kijana yake mmoja yuko ng'ambo, na huyo kijana harudi nyumbani. Anatuma vitu. Alituma koti, akatuma ya kupima presha, halafu akatuma hii. Ni kompyuta kamili, ati, lakini wameikata mpaka ikatoshea mikono mbili. Katikati kioo, huku na huku vidude vya kubonyeza, na vijiti viwili vifupi vya kusukuma na kidole gumba. Aliituma ndio baba asikae bure. Mwalimu akapiga simu kuuliza inafanya nini. Kijana akasema, "Dadi, niko kazini, nitakuelezea wikendi." Hiyo wikendi bado tunaingoja.

Basi Mwalimu akajifundisha mwenyewe. Miezi mitatu alikuwa kwa veranda na madaftari, anasoma, anaandika, anajaribu. Ukipita kwa barabara unamsikia anaongea peke yake. Watu wakasema Mwalimu amerukwa. Kumbe alikuwa anatengeneza somo.

Siku moja nilimuuliza, "Mwalimu, hiyo kitu unaita emyuleta ni nini?"

Akakaa vizuri. Hakuna kitu anapenda kama kuulizwa. "Mama Okoth, gemu ya zamani ilizoea mashine yake ya zamani. Ukiiweka kwa hii mpya haitaki kuamka. Ni kama mzee umemhamisha nyumba, usingizi inakataa. Sasa hii programu inaigiza ile nyumba yake. Mlango pale pale, kitanda pale pale. Inaingia inafikiri iko kwake."

"Na haijui imedanganywa?"

"Haijui."

"Maskini," nikasema. Akacheka mpaka kofia ikaanguka.

Unajua ni nani alimshikia simu akitengeneza video? Ni mjukuu yangu Akinyi, msichana ya kijana yangu Okoth. Akinyi alimaliza koleji, karatasi iko kwa boksi, kazi hakuna. Mwalimu akamuona amekaa tu kwa mlango yangu, akamuita juu ya ua, "Wewe, leta simu yako na akili yako." Kutoka hiyo siku wakawa watu wawili wa kazi moja. Yeye anafundisha, Akinyi anapiga, anakata, anaweka kwa chaneli.

Kwa video huoni uso yake. Unaona mikono tu. Alisema uso inaharibia mwanafunzi mawazo. Na ndio uone mikono vizuri, simu lazima ikae juu iangalie chini, sasa wakakosa ya kushikilia. Siku moja narudi kutoka kanisa, naona kikapu yangu iko kwa meza yake. Kikapu yangu ya kuchuna, yenye nilibeba mgongoni mpaka kamba ikanichora bega! Ameipindua, amekata upande moja yote ndio mikono iingie, ametoboa chini shimo ya jicho ya simu.

"Mwalimu! Hiyo si kikapu yangu?"

"Ilikuwa inakaliwa na kuku, Mama Okoth."

"Si ni kuku yangu?"

"Kuku hawana haja na elimu." Akarudi kwa kazi. Nikasimama hapo na Biblia kwa mkono, nikaona nitacheka ama nitatukana. Nikacheka. Mimi hucheka haraka, hiyo ndio shida yangu.

Walikuwa wanapiga video asubuhi, kwa sababu hapa kwetu saa nane mvua inakuja kama imeandikwa barua, na ikipiga mabati hata ukipiga kelele husikiki. Ukutani amebandika chati za manila, ameandika kwa rangi. Hatua ya kwanza, fomati memori kadi. Hatua ya pili, weka programu. Ya tatu, tafuta faili ya kuamsha. Hivyo hivyo. Na kila video ilianza na maneno yale yale: "Soma kwanza, gusa baadaye. Aliyegusa, arudi mwanzo."

Alikuwa na makosa yake pia, usifikiri. Folda zote za gemu aliziita kishule. Mashine ya zamani kabisa akaiita Darasa la Kwanza, yenye ilifuata Darasa la Pili, mpaka Darasa la Nane. Akafungua emyuleta, haikuona kitu. Tupu. Akarudia hatua zote, tupu. Wiki mbili amenuna, hata salamu hajibu, anasema mashine imekataa mtaala.

Akinyi akamwambia, "Mwalimu, hii kitu inatafuta folda na jina ya mashine yenyewe. Haijui darasa."

"Itajua."

"Haitajua, Mwalimu. Haikusomea Kenya."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho folda zikapewa majina yenye mashine inataka, lakini kwa chati ya ukuta alibakisha madarasa yake, na kwa video anasema, "Sasa tuko Darasa la Tatu." Na watu wakapenda! Wanaandika hapo chini, asante Mwalimu, mimi niko Tanga, yangu imekubali. Yeye anajibu kila mtu. Anasahihisha wameandika vibaya wapi, halafu anawapa maksi. "Vizuri. Saba kwa kumi." Watu wazima, na ndevu zao, wanafurahia saba kwa kumi.

Sasa ngoja niingie penye sitaki kuingia.

Okoth yangu alikuwa klasi ya saba. Mtoto mwembamba, kichwa nyepesi sana ya hesabu, hiyo si mimi nasema, ni ripoti ilisema. Mjomba yake alimletea kutoka Kisumu ile gemu ndogo ya betri, yenye matofali yanaanguka na wewe unayapanga. Aliipenda! Akaipeleka shule. Mwalimu akampata nayo chini ya dawati. Hakumchapa, wacha niseme ukweli. Kuchapa ningesahau. Alimsimamisha mbele ya shule yote paredi, akaweka hiyo gemu chini, akaikanyaga na kisigino. Akamwambia nenda, usirudi bila mzazi.

Mimi nilikuwa kwa shamba ya chai. Nyapara akakataa kunipa siku, ilikuwa msimu ya majani mengi. Siku kumi Okoth amekaa nyumbani. Nilipoenda, na gamboti yangu na matope, Mwalimu alikuwa anasahihisha vitabu. Hakunipa kiti. Akasema, na watoto wanasikia kwa dirisha, "Mama, huyu akili yake yote iko kwa vidole. Mpeleke tu akachune chai, huko vidole vina kazi."

Okoth alikuwa nyuma yangu. Asubuhi yake alichukua kikapu ya jirani akanifuata shambani, na shule hakurudi. Nilimpigia magoti. Baba yake alimtandika. Wapi. "Mwalimu amesema," hiyo ndio jibu yake.

Na alichuna! Vidole vyake vilikuwa vinaruka, majani mawili na ile changa katikati, hakuna mwanamke wa laini alimshinda. Miaka ishirini na zaidi. Halafu kampuni ikaleta mashine ya kuchuna, watu wawili wanaishika inafanya ya watu wengi, na Okoth akaambiwa arudi nyumbani. Sasa anakata nepia, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe za watu. Ukimwona jioni anaangalia mikono yake kama mtu ameambiwa si zake.

Utaniuliza, na miaka yote hiyo mbona hukumwambia Mwalimu kitu? Nitakuambia. Ile mwaka watu walichomeana nyumba sababu ya kura, sisi watu wa ziwa tukaambiwa turudi kwetu. Vijana walikuja mpaka kwa ua na petroli. Mwalimu alituingiza kwa ghala yake ya mahindi, mimi, mzee yangu, Okoth na bibi yake na Akinyi akiwa mtoto wa kubebwa. Akatoka akasimama kwa geti na fimbo ya paredi. Akawaita mmoja mmoja, jina na darasa. "Wewe, nilikufundisha klasi ya nne. Wewe, bado hujui kugawanya. Rudini nyumbani." Wakarudi. Siku tatu bibi ya Mwalimu alituletea ugali na maziwa ya kibuyu. Sasa mtu kama huyo utaenda kumuuliza habari ya gemu ya betri? Nilinyamaza. Hiyo deni ya roho ilinifunga mdomo, na Okoth pia ilimfunga.

Na labda ningekufa nayo hivyo. Lakini hizo video.

Kwanza ilikuja video ya kaseti. Mwalimu alitoa katoni chini ya kitanda, ndani kaseti za gemu za televisheni, zimepangwa. Kijana yake alikuwa amemtumia kadude ka kunyonya gemu kutoka kwa kaseti kuingiza kwa ile mashine, kwa sababu Mwalimu hataki gemu ya wizi. Akasema kwa video, "Hizi ni za kijana wangu, nilimnunulia akiwa darasa la saba."

Mimi nimekaa hapo. Nikahesabu kwa kichwa. Kijana yake na Okoth walikuwa klasi moja. Dawati moja! Yaani hiyo kisigino ilirudi nyumbani jioni, ikavua kiatu, ikakaa kuangalia mtoto wake akicheza. Nilishindwa kumaliza chai.

Halafu ikakuja ile ya matofali. Alikuwa anaonyesha venye unapanga vidude vya kubonyeza ndani ya emyuleta, na akachagua hiyo gemu ya matofali yanaanguka. Akasema, polepole, sauti tamu ya kuhadithia watoto, "Mchezo huu niliuona mara ya kwanza kwa mkono wa mwanafunzi wangu. Mtoto wa mchuna chai, maskini, lakini hodari. Walimu wengine wangempokonya. Mimi niliketi naye, tukacheza, nikamwambia, endelea, hii ni hesabu."

Hiyo ndio video watu walipenda kushinda zote. Waliandika wanalia. Wanasema tungekuwa na walimu kama wewe.

Akinyi hakujua kitu. Alifurahi, akampelekea baba yake simu. "Baba, ona, Mwalimu ameongea vizuri." Okoth aliangalia mpaka mwisho. Akarudisha simu kwa meza, pole pole, kama yai. Akachukua panga akaenda kwa nepia, na ilikuwa inanyesha.

"Dani," Akinyi akaniambia, yeye huniita nyanya kwa Kijaluo chetu, "nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu."

"Huyo mwanafunzi ni nani?"

Nikamwambia. Yote, na paredi, na dirisha. Alikaa kwa ngazi ya mlango na hiyo simu, komenti zinaingia tu, tiing, tiing, mpaka akaizima. Nikajua hapo sasa kunyamaza imeisha. Nilitaka kitu moja tu kwa Mwalimu. Si magoti. Si pesa. Aseme kwa hizo video zake, na sauti hiyo hiyo, venye ilikuwa. Okoth asikie akiwa hai, na Mwalimu akiwa hai.

Lakini presha ikamwangusha kabla sijaenda. Walimpeleka Kapkatet hospitali, akalala huko, akarudi na mkono ya kulia imekufa. Mwezi iliyopita nikapika uji ya wimbi, nikachukua Akinyi, tukazunguka ua.

Alikuwa kwa kiti ya veranda, blanketi kwa magoti, hiyo mashine juu ya blanketi. Kofia imepinda. Nani atamwekea vizuri? Bibi yake alikufa, kijana hajakata hata tiketi. Nikamwekea kofia. Nikamnyooshea uji, akanywa na mkono ya kushoto, ingine ikamwagikia shingo, nikapangusa. Nilimwonea huruma mpaka nikataka kurudi nyumbani na maneno yangu.

Nikajikaza. "Mwalimu, ile gemu ya matofali. Uliikanyaga."

Aliangalia shamba ya chai huko ng'ambo ya barabara. "Gemu gani?"

"Ya Okoth. Paredi."

"Mimi sikuwa mtu wa kuvunja vitu vya watoto."

"Mwalimu, nilikuja na gamboti. Hukunipa kiti."

"Okoth aliacha shule mwenyewe. Kijana mzuri. Alipenda chai."

Akinyi alikuwa amesimama kwa nguzo. Akasema, na heshima, lakini sauti imekauka, "Mwalimu, tunaweza kupiga video fupi. Mimi nitashika simu. Useme tu venye ilikuwa, halafu tuweke."

Ile mkono nzima ilikuwa inapapasa kioo ya mashine, inapapasa, na mashine ilikuwa imezimwa. Halafu akageuka akaniangalia, macho hayo yanajua kila kitu, yanajua paredi, yanajua dirisha, yanajua hata matope ya gamboti yangu ilikuwa rangi gani. Akasema chini chini, "Mama Okoth, tumekaa vizuri. Niliwaficha kwa ghala yangu. Usiniharibie mwisho."

Hapo ndio nikajua hajasahau. Na nikuambie, heri angesahau. Mtu amesahau utamfanyia nini, unamwachia Mungu. Lakini huyu ameshika ukweli kwa mkono, amefunga vidole.

Kicheko yangu yote ya miaka ilitoka kwa mwili hapo. Nikachukua bakuli yangu.

Tukiwa tumesimama, akamuita Akinyi. Kwa kiti kulikuwa na daftari, akamwambia achukue. "Nimeandika historia yangu, ya kusomwa siku ya kunizika. Nilimaliza kabla mkono haujalala. Kijana wangu hatafika, namjua. Kati ya wanafunzi wangu wote, wewe ndiye unasoma vizuri. Utanisomea?"

Akinyi akaniangalia. Akamwangalia. Machozi ilikuwa imemjaa, kwa sababu anampenda huyo mzee, wacha nisikudanganye, anampenda. Akasema, "Nitasoma, Mwalimu."

Tukazunguka ua kurudi. Akinyi akafungua daftari akitembea, akageuza karatasi, akapata. Iko hapo, imeandikwa na mwandiko safi: mtoto wa mchuna chai, maskini lakini hodari, tukacheza. Nikamwambia, "Rudisha hiyo kitu. Mwambie atafute mtu mwingine."

"Hapana, Dani," akasema. "Nimekubali, na nitasoma yote venye ameandika, kwa sababu ameniomba. Halafu sitakaa chini. Nitasoma na yenye hakuandika, mbele ya hao watu wote, na baba nitakuwa nimempatia kiti."